Gunia Nililolichoma

Ijumaa iliyopita, siku yangu ya mwisho kazini, nilirudisha funguo kumi na saba, jozi mbili za gambuti na filimbi ambayo sikuwahi kuipuliza hata siku moja. Mtunza stoo alitaka nirudishe na ile ndoo ya bluu. Nilimwambia ndoo ni yangu, na kama anabisha aende akawaulize mbwa. Baadaye mlinikatia keki, mkaomba, na nyuso zenu nzuri za vijana waliosoma, ati Mama Wangechi atuandikie kitu kuhusu mbwa mwitu wa zamani. Basi nimeketi hapa jikoni kwangu Mukurweini, nina daftari la mjukuu lililobaki kurasa, na ninaandika. Anayetaka kujua nilipandaje cheo atafute mtu mwingine. Nilipanda polepole, na mara nyingi ni kwa sababu aliyekuwa mbele yangu magoti yalikuwa yamemchoka.

Nilifika kituoni mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nikitafuta kazi ya kuwapikia wafanyakazi. Kituo chetu kilikuwa vile vile mnavyokijua, nje ya Nanyuki, mlima ukiwa mgongoni, kikilea wanyama waliofiwa na mama zao au waliovunjika kiungo. Meneja wakati huo alikuwa Bwana Kariithi, mtu mpole wa miwani minene, aliyezoea kuifuta kila akitaka kusema jambo zito. Aliniuliza kama najua kukata nyama. Nikasema najua, nikiwa na maana ya kuku. Akanipeleka banda la nyuma, na pale mezani palikuwa na nusu ya punda.

"Shoka ndiyo hiyo," akasema. "Wateja wako hawatalalamika juu ya chumvi."

Nilikata punda mpaka saa sita. Kwetu mtu haendi kutafuta kazi halafu arudi nyumbani kueleza kwamba kazi ilikuwa na damu.

Mchana ndipo nilipokutana na Mzee Mwirichia, aliyekuwa mlezi wa mbwa mwitu. Alikuwa Mmeru wa Nkubu, mfupi, mwenye koti la kijeshi lisilobaki na kifungo hata kimoja. Nilimpa mkono. Kabla hajaupokea alivuta hewa kwa pua, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii harufu ni ya nini?"

"Ni sabuni, Mzee."

"Kesho uiache nyumbani. Hapa sisi wote tunanuka sawa."

Nilimwona mchafu, na sitaficha hilo. Mama yangu alikuwa muuza mboga, lakini usafi wake ulijulikana vilima vitatu. Uwanja wetu ulifagiwa asubuhi na jioni, na ng'ombe wetu wa gredi, yule wa maziwa mengi, alioshwa kiwele kwa maji ya moto kabla hata sisi hatujanawa uso. Mtoto wa nyumba hiyo kuambiwa aache sabuni ni kama kuambiwa aache kusali. Niliitikia kwa adabu, na kesho yake nikaoga mara moja badala ya mbili.

Wakati huo mbwa mwitu walikuwa watatu tu, wote madume, ndugu wa tumbo moja. Waliletwa wakiwa vitoto ndani ya katoni, kutoka sehemu ambako shimo lao lilikuwa limezibwa kwa mawe na mama yao kuuawa kwa sababu ya kondoo. Ninyi mmezoea kusikia wameonekana huku na kule Laikipia. Miaka ile wazee walituambia wamekwisha. Mchungaji akiona nyayo alibishiwa mpaka akaanza kujibishia mwenyewe. Kwa hiyo wale watatu hawakuwa wa kuwaonyesha wageni tu. Bwana Kariithi alikuwa akisema, kila mkutano, kwamba siku moja nchi itawahitaji na tusije tukawa hatuna.

Niliwapa majina ya masoko, kwa sababu masoko ndiyo shule niliyosoma na mama. Mkubwa, mwenye kifua na kelele, nilimwita Karatina. Yule mtulivu, asiyeeleweka anawaza nini, nikamwita Kiriaini, maana huko asubuhi ya ukungu hata muuzaji humwoni mpaka umkanyage. Wa mwisho, mdogo na mwenye huruma, akawa Mweiga. Mzee Mwirichia hakuwa na haja na majina. Yeye aliwaita wote "hawa watu."

Nawaeleza walivyo kwa ajili ya wajukuu watakaosoma, si kwa ajili yenu. Miguu mirefu, masikio ya duara, ngozi ya mabaka meusi, ya manjano na meupe, na hakuna wawili wanaofanana. Hawabweki kama mbwa wa nyumbani. Wakiwa na furaha hulia kama vifaranga, na ukisikia mara ya kwanza utatafuta kuku. Askari wa kigeni waliokuwa wakija kutoka kambi yao ya mazoezi hapo Nanyuki siku zao za mapumziko waliwapenda sana. Mmoja aliuliza, kupitia kwangu, kama wanaweza kufunzwa kukaa chini wakiambiwa.

"Mwambie wao ndio wananifunza mimi kukaa," Mzee akajibu, na nikatafsiri hivyo hivyo.

Alinifunza kazi bila kusema kwamba ananifunza. Kuhusu kufuli alikuwa na maneno matatu: funga, vuta, sema. Unafunga kufuli, unalivuta kwa nguvu, kisha unasema kwa sauti "nimefunga," hata kama uko peke yako, ili masikio yako yawe shahidi wa mikono yako. Mpaka leo majirani hapa wananisikia nikiuambia mlango wa kuku kwamba nimefunga. Alinifunza kuacha ngozi na manyoya kwenye nyama, kutupa vipande mbali mbali ili kusiwe na mmoja wa kukaa njaa, na kutowageuzia mgongo, si kwa sababu watanirukia, bali kwa sababu nitakosa kuona kitu.

Siku moja Mweiga alikanyaga mwiba, akashindwa kuja kula. Karatina alikula shibe yake, akamwendea, akainamisha kichwa na kumtapikia nyama mbele ya miguu. Mweiga akala. Nilifunika mdomo kwa mkono.

"Unaona kinyaa?" Mzee aliniuliza. "Kwani mama yako hakukutafunia ndizi?"

Mwaka wa pili aliletwa jike. Alikutwa upande wa Isiolo akiwa amenaswa na mtego wa waya mguuni, na kundi lake halikuonekana. Nilimpa jina Kagio, kwa sababu ukienda soko la Kagio ukiwa mlegevu unarudi bila kikapu. Bwana Kariithi alifurahi mpaka akafuta miwani mara mbili. Madume watatu, alisema, si familia, ni bweni.

Hapo ndipo nilipoliona gunia likifanya kazi. Mzee Mwirichia alichukua gunia la mahindi, akalijaza nyasi walizolalia madume, nyasi chafu zenye kila kitu, akaliweka kwa Kagio. Jioni akachukua nyasi za Kagio na kuwapelekea madume. Alifanya hivyo kila siku, karibu mwezi mzima, huku mimi nikitembea nyuma yake na pua nimeikunja. Nilimuuliza ni ya nini.

"Ni barua," akasema. "Hawa watu hawasomi sura. Wanasoma hii."

Akacheka kwa meno yake matatu, nami nikacheka pia, nikijua ni utani wa mzee. Mlango ulipofunguliwa hakukuwa na vita. Walimnusa Kagio mbele na nyuma, wakalia kama vifaranga, wakaanza kukimbia pamoja. Mimi nikaamua moyoni kwamba ni wanyama wenye roho nzuri, basi.

Mzee alikaa nasi miaka mingine miwili, kisha magoti yakakataa ule mteremko wa bomani. Siku ya kuondoka hakutaka keki. Alinipeleka nyuma ya mlango wa stoo ya nyasi, akanionyesha gunia kwenye msumari.

"Akitoka mmoja, hii iende na yeye ikiwa na nyasi ya wenzake. Akirudi, irudi na yeye. Na usioshe."

"Sawa, Mzee," nikasema. Neno "sawa" ni jepesi sana mdomoni, linatoka hata kama kichwani hakuna kitu.

Miezi michache baadaye Kagio alivimba taya. Daktari wa mifugo aliyekuwa akitujia kutoka Nyeri alimpiga sindano ya usingizi, akang'oa jino lililooza, akasema abaki chumba cha wagonjwa mpaka kidonda kifunge. Kwenye karatasi ya maagizo, mstari wa kwanza, aliandika usafi. Hilo nililielewa kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeambiwa tangu nifike. Nilisugua sakafu ya saruji mpaka ikawa ya kulia chakula. Nikaenda nyuma ya mlango, nikalitazama gunia la Mzee, linanuka, lina nzi, na huku kuna mgonjwa mwenye kidonda mdomoni. Nikalichukua kwa ncha ya uma wa nyasi, nikalichoma nyuma ya jikoni pamoja na maganda ya viazi.

Kagio alikaa siku kumi na moja. Siku ya mwisho daktari alimlaza tena ili atazame kidonda, akaridhika, akaenda kunywa chai. Mimi nikafanya kile kinachofanywa kwetu ng'ombe akipona. Ng'ombe aliyeugua harudi kwa wenzake na uchafu wa ugonjwa. Anaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, anapuliziwa dawa ya kupe, anasuguliwa mpaka ngozi inang'aa, kisha anarudishwa zizini kama bibi harusi. Ndivyo mama alivyofanya, na bibi yangu kabla yake. Nilimwosha Kagio kutoka masikio hadi mkia. Nikampulizia dawa. Niliwaita hata akina mama wa jikoni waje waone jinsi mabaka yake yalivyotokeza. Nilijivunia kazi yangu, Mungu anisamehe.

Alipoamka vizuri na kusimama imara, nilivuta kamba inayoinua mlango wa kuingilia boma la madume. Karatina alikuja mkia ukiwa juu. Alinusa. Akasimama. Akanusa tena shingoni, na manyoya ya mgongo yakainuka. Kiriaini na Mweiga wakaja nyuma yake. Sikusikia ile sauti ya vifaranga. Kwa macho walimjua pengine, lakini pua iliwaambia kwamba mgeni ameingia, na sheria ya mgeni kwao ni moja. Walimrukia wote watatu.

Niligonga ndoo kwa sepetu nikipiga mayowe, nikafungua mpira wa maji nikawamwagia usoni. Daktari alikuja akikimbia na kikombe bado mkononi. Walipoachia kidogo, Kagio alijivuta hadi mlangoni, nami nikauteremsha nyuma yake. Sikio la kushoto lilikuwa limeraruka hadi shinani, na bega limefunguka. Alijikunja kwenye kona, uso ukitazama ukuta. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi sikusikia, na aliyeumia alikuwa Kagio.

Jioni hiyo hiyo Bwana Kariithi alituita wote kumi ofisini. Alifuta miwani. Alisema Mzee Mwirichia alikuwa mtu mzuri, lakini alifanya kazi kienyeji, aliwazoesha wanyama harufu yake na sauti yake, akaondoka bila kutuachia mpango. Ndiyo maana haya yametokea. Daktari akasema mbwa mwitu haishi peke yake, atajiachia kufa, na hakuna kituo kingine cha kumpokea. Kama hakuna njia ya kumrudisha kufikia mwisho wa mwezi, atachomwa sindano ya mwisho, kwa huruma. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja.

Nilijua kosa si la Mzee. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi lile lile, mikono inanuka dawa ya kupe, na nikanyamaza. Ninawaandikia jambo hili waziwazi kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi hakuna lililonichoma zaidi, hata lile la Kagio lenyewe. Kumwosha nilikosea kwa kutojua. Kunyamaza nilijua.

Siku tatu Kagio hakugusa nyama. Siku ya nne, Jumamosi, niliomba ruhusa nikaenda Nkubu.

Nilimkuta Mzee ameketi kwenye kigoda nje ya zizi akikata nyasi za ng'ombe vipande vipande. Mke wake, Mama Kendi, alinikaribisha kwa chai kabla hata sijasema jina langu. Mzee alinitazama akajua kuna jambo.

"Nani ameumia?"

"Kagio, Mzee. Wenzake wamempiga. Alikuwa ametoka kutibiwa jino."

"Gunia ilienda na yeye?"

Nikaweka kikombe chini. "Nililichoma."

Panga likasimama mkononi mwake. Nikamweleza yote, sabuni, dawa ya kupe, hata akina mama niliowaita waje kumsifu. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Sauti haikupanda. Ilishuka.

"Wewe msichana umechoma barua ya watu. Halafu umefuta na jina yake."

Nililia. Lakini nilikuwa sijamaliza, na nilijua nikimaliza chai bila kumaliza maneno nitarudi Nanyuki nikiwa mwongo vile vile. Nikamwambia kwamba Bwana Kariithi amemlaumu yeye mbele ya watu wote, na mimi nilikuwepo, na sikufungua mdomo.

Mama Kendi aliacha kumimina chai. "Mwanangu," akasema, "mficha uchi hazai. Jumatatu ukifika, kabla ya kushika hiyo ndoo, ongea na mkubwa wako."

Mzee alikuwa akitazama mlima upande wake, ambao ni upande tusiouona sisi. Kisha akasema, "Hiyo ya jina yangu itangoja. Ile mbwa iko na siku ngapi?"

"Kumi na saba, Mzee."

"Ni kidogo. Lakini mambo ya Mungu hatujui." Akaanza kunipangia kwa kutumia vipande vya nyasi juu ya udongo. Magunia mawili, si moja. Asubuhi nyasi za madume ziende kwa Kagio, jioni za Kagio ziende kwa madume. Wakirarua gunia, nipeleke lingine. Nisifagie kwake, nisimwage dawa, alale katika kile anacholalia. Akianza kulalia barua yao, na wao wakalalia yake, nimhamishie boma la pembeni, waya katikati. Wale nyama pamoja, kila mmoja upande wake. "Na wewe mwenyewe, hiyo sabuni. Wewe ndiye posta. Posta ikinuka, barua yote inanuka."

Nilipoagana naye alinipa mkono, na safari hii hakurudi nyuma. Mama Kendi alinifungia ndizi.

Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya Bwana Kariithi nikasema niliyoyafanya. Alivua miwani na hakuifuta.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliona aibu, Bwana. Nyumbani najulikana kwa usafi."

Aliiweka miwani juu ya meza. "Mimi nimesema vibaya juu ya yule mzee mbele ya watu kumi."

"Waite wote, Bwana," nikasema. "Nitasema mbele yao."

Walikuja, nikasema. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukata punda. Mwisho Bwana Kariithi aliniambia nitapewa mpaka mwisho wa mwezi, wala si siku moja zaidi, na kwamba mimi ndiye nitakayemshika Kagio kichwa siku ya sindano ikiwa itafika. Sikulaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Basi nikafanya kazi. Gunia la kwanza la Kagio lilipoingia kwa madume walilirarua vipande, Karatina akatembea na kipande mdomoni kama amemkamata mwizi. Nikapeleka la pili, likararuliwa. La tatu. Nikaenda kwa wenye maduka ya nafaka mjini kuomba magunia matupu mpaka wakaanza kuniona kwa mbali na kuingia ndani. Kagio kwa upande wake alikaa mbali na nyasi za madume, mgongo ukutani. Nilimkatia nyama ndogo ndogo, nikamtupia nikiwa nimeketi chini, nikiongea naye Kikuyu cha sokoni. Siku ya sita alikula kipande kimoja, cha pili akakiacha. Nilikwenda stoo nikaruka ruka peke yangu.

Sabuni niliiacha kabisa. Nilioga maji matupu. Nguo za kazi sikuzifua. Jumapili kanisani benchi langu lilibaki na nafasi ya watu wanne, na mama mmoja wa kwaya alinivuta pembeni kuniuliza, kwa upole, kama kuna shida nyumbani. Nilimwambia niko salama, nalea wagonjwa. Akasema Bwana atanilipa, akiwa amesimama upande ambao upepo unatoka.

Siku ya nane Kiriaini hakurarua gunia. Alilizunguka, akalikanyaga kanyaga, akalala juu yake. Nilisimama pale na uma wa nyasi mpaka mguu ukafa ganzi, nikiogopa kumsumbua. Kesho yake nilimkuta Kagio amelalia nyasi zao. Nikamhamishia boma la pembeni. Siku ya kwanza madume walikimbia kando ya waya wakinguruma, na daktari akatikisa kichwa. Siku ya tatu waliacha kunguruma wakaanza kunusa. Niliwapa nyama karibu na waya, kila siku karibu zaidi, mpaka Mweiga na Kagio wakawa wanakula pua kwa pua na ule waya katikati.

Mwezi ukafika mwisho. Asubuhi hiyo walikuwepo wote, Bwana Kariithi, daktari akiwa na bunduki ya sindano ya usingizi, na mimi na kamba ya mlango. Mpira wa maji ulikuwa umefunguliwa tayari. Kwenye mkoba wa daktari kulikuwa na ile sindano nyingine, na kila mtu alijua ipo.

"Wangechi, hatujui itakuwa aje," daktari akasema.

"Tunajua kidogo, daktari. Kidogo ndiyo tuko nayo."

Nikavuta. Kagio alitoka hatua mbili, akalala chini, tumbo kwenye mavumbi, lile sikio lililobaki nusu limelala nyuma. Karatina akaja mkia ukiwa juu, kama siku ile. Akamnusa shingo. Akamnusa bega lenye kovu. Akafika kwenye sikio alilolirarua yeye mwenyewe, akabaki hapo, pua imegusa, muda mrefu kuliko ninavyoweza kuwaandikia. Nimesali sala nyingi ndefu maishani. Hiyo ilikuwa neno moja tu. Soma. Soma. Soma.

Mkia wa Karatina ukashuka, ukaanza kutikisika. Kisha nikasikia kifaranga kimoja, halafu vifaranga wanne. Kiriaini alimpita kaka yake, akainamisha kichwa, tumbo likajikunja mara tatu, akamtapikia Kagio nyama mbele ya miguu. Ilikuwa ile niliyoikata mwenyewe alfajiri. Kagio akala yote.

"Hiyo sasa ni nini?" Bwana Kariithi akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni ndizi, Bwana," nikasema, na nililia bila kujificha, na nilipomtazama miwani yake ilikuwa imejaa ukungu.

Mwaka uliofuata Kagio alizaa. Tulisikia sauti ndogo shimoni kabla ya kuona kitu, na hakuna aliyethubutu kuchungulia. Nilitaka Mzee Mwirichia aje, lakini magoti yake hayakuweza safari. Bwana Kariithi alikuwa amekwenda Nkubu mwenyewe kumwomba msamaha, na aliporudi alisema tu kwamba alipewa chai. Basi vitoto vilipoanza kutoka nje, nilingoja kundi liwe mbali, nikachota nyasi kidogo mdomoni mwa shimo, nikazitia kwenye mfuko wa kitambaa, nikaufunga kwa kamba. Mtu wetu mmoja aliyekuwa akienda nyumbani Meru akaupeleka. Sikuandika hata neno moja.

Mama Kendi alinisimulia baadaye. Alisema Mzee alipopewa mfuko hakuuliza umetoka wapi. Aliketi kwenye kigoda chake, akafungua kamba, akaingiza uso wote ndani, na akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Alipoinua kichwa macho yalikuwa na maji.

"Wamekuwa wengi," akasema.

Vitoto vilikuwa saba.

Ninyi mna dawa bora kuliko zetu, na kamera zinazoona gizani, na ninafurahi. Sina wosia mrefu. Nyuma ya mlango wa stoo ya nyasi kuna msumari, na kwenye msumari kuna gunia. Najua linanuka. Msilifue.